Mzigo wa Mwenzio ni Kanda la Usufi: Namna ya Kufungasha Mavazi na Vifaa vya Kupanda Mlima Kenya

UTANGULIZI

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii hutumiwa aghalabu kumsuta mtu anayedharau taabu za mwingine kwa sababu yeye hazimlemei. Katika makala haya tutaitumia kwa maana hiyo, lakini kwanza tuutazame usufi wenyewe. Usufi ni ule unyoya mwororo unaotoka katika tunda la msufi, ambao tangu zamani watu wa pwani wameujaza katika mito na magodoro. Ni mwepesi kwa kuwa sehemu yake kubwa ni hewa, na ni hewa hiyo iliyonaswa baina ya nyuzi inayomhifadhia joto anayelala. Isitoshe, nyuzi zake zina nta inayokataa maji, ndiyo maana zamani zilijazwa katika jaketi za kuokolea watu baharini. Pamba hufanana na usufi kwa macho, ila pamba hunywa maji. Mwenye kuielewa tofauti hii amekwisha kuielewa nusu ya elimu ya kufungasha safari ya mlimani.

Sisi tunaosoma katika vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru huamka kila uchao mlima ukiwa mbele ya macho yetu, mawingu yakiruhusu. Hata hivyo, walioupanda miongoni mwetu ni wachache mno. Ukiwauliza wengine sababu, hutasikia wakitaja woga wa miamba wala uchovu wa miguu. Watakwambia kwamba hawana vifaa; kwamba mlima ni wa wageni wenye majaketi ya bei ghali. Wengine nao huenda kinyume kabisa: huvaa suruali ya jinzi na viatu vya raba, wakaingia msituni wakiamini kwamba mtu aliyezaliwa miguuni pa mlima hawezi kushindwa na baridi yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makundi yote mawili yamekosea. Tutaeleza jinsi baridi ya mlimani inavyofanya kazi, mavazi na vifaa vinavyotakiwa, mahali pa kuvipata kwa bei ya mwanafunzi, na namna ya kuvipanga. Mwisho tutamtazama mtu ambaye orodha nyingi za vifaa humsahau, yaani mpagazi.

MLIMA NA BARIDI YAKE

Mlima Kenya, ambao Wakikuyu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimara, una vilele vitatu vinavyotajwa sana. Batian ina mita 5,199 na Nelion mita 5,188. Vilele hivi viwili ni vya wakweaji wa miamba wenye kamba na ujuzi maalumu. Lenana ina mita 4,985, nacho ni kilele ambacho mtu mwenye afya njema anaweza kukifikia kwa miguu yake. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipoipeperusha bendera ya Kenya wakati wa uhuru, Desemba 1963. Makala haya yanamhusu anayekwenda Lenana.

Kwa wakazi wa Embu na Meru, njia iliyo karibu ni ile ya Chogoria, mji ulioko kando ya barabara kuu itokayo Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru. Njia nyingine ni ya Sirimon, upande wa kaskazini, ambayo hufikiwa kutoka barabara ya Nanyuki na Timau. Tofauti ya njia hizi si ya umbali tu. Upande wa mashariki na kusini-mashariki, yaani upande wetu, hupokea mvua nyingi zaidi kwa sababu pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga mlima hapo kwanza. Upande wa Sirimon ni mkavu zaidi. Kwa hiyo anayepitia Chogoria afungashe akijua kwamba atanyeshewa, hata kama safari yake ni katika miezi ya kiangazi ya Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mvua za masika za Machi hadi Mei na za vuli za Oktoba hadi Desemba ni bora aziepuke.

Je, baridi ni ya kiasi gani? Kwa wastani, halijoto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Embu uko kwenye mita 1,350 hivi. Kutoka hapo hadi Lenana pana zaidi ya mita 3,600, sawa na upungufu wa nyuzi 22 hivi. Ikiwa Embu kuna nyuzi 20 za alasiri ya kawaida, kileleni patakuwa chini ya kiwango cha maji kuganda saa hiyo hiyo, kabla hatujauhesabu upepo. Usiku hali huwa kali zaidi. Ajabu ni kwamba mchana, mawingu yakifunguka, jua la Ikweta huwaka hadi mtu akavua sweta na ngozi ikababuka. Kwa maneno mengine, mpanda mlima hahitaji nguo za baridi tu. Anahitaji nguo za misimu minne ndani ya siku moja, na uwezo wa kuzibadilisha upesi.

SOMO LA MIMEA

Viumbe wa kwanza kuitatua shida hii hawakuwa binadamu. Ukipita msitu, kisha mianzi, kisha vichaka vya nyanda za juu, utafika penye mimea mikubwa ya ajabu ambayo wengi huijua kwa jina la senesio na lobelia. Senesio mkubwa hayaangushi majani yake yakikauka. Huyaacha yaning'inie kuuzunguka mti kama koti zito, na koti hilo hulinda shina lisigande usiku. Lobelia iitwayo keniensis hukusanya maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji hayo huganda, lakini ile barafu ya juu huyakinga maji yaliyo chini, na chipukizi hubaki salama. Jamaa yake, lobelia ya Teleki, amejifunika manyoya marefu kama ya kondoo. Jua likichwa, majani ya lobelia hujikunja yakafunika moyo wa mmea. Kukipambazuka, hufunguka tena.

Hapa pana mafunzo matatu. La kwanza, joto halitoki kwenye nguo. Joto hutoka mwilini, na nguo hulihifadhi tu kwa kunasa hewa. La pili, tabaka nyingi nyembamba hufaa kuliko vazi moja nene. La tatu, anayeishi mlimani hufunga na kufungua vazi lake kwa wakati unaofaa, hangoji mpaka atetemeke.

TABAKA TATU ZA MAVAZI

Tabaka ya kwanza ni ile inayogusa ngozi. Kazi yake ni kuondoa jasho mwilini. Fulana ya mikono mirefu na suruali ndefu ya ndani ziwe za poliesta au sufu nyembamba. Zisiwe za pamba. Pamba hufyonza jasho, hukauka polepole, na ikirowa hugusana na ngozi kama kitambaa cha maji. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa. Kwa hivyo aliyevaa fulana ya pamba iliyolowa jasho anapokonywa joto hata kama juu yake ana jaketi la kifahari. Jinzi nayo ni pamba, tena nzito.

Niliposafiri kwa mara ya kwanza kupitia Chogoria, mwenzetu mmoja alikuwa amevaa jinzi. Manyunyu yalitukuta baada ya kulipita Ziwa Ellis, nayo hayakuwa makali; sote tuliyacheka. Ilipofika jioni, kwenye kambi iliyo juu ya mita 4,000, suruali yake ilikuwa ingali imelowa na upepo ulikuwa umeanza. Alitetemeka, kisha akaacha kutetemeka, akaanza kuzungumza kama mlevi na kushindwa kufungua zipu yake mwenyewe. Mwongozaji wetu hakungoja. Alimvua nguo zote za maji, akamvika zake kavu, akamwingiza katika mfuko wa kulalia pamoja na chupa ya maji ya moto. Mwenzetu alipona. Lakini tulijifunza kwamba mwili hupoa kupita kiasi hata pasipo theluji; mvua nyembamba na upepo vinatosha. Aidha, tulijifunza kwamba mtu anayeacha kutetemeka pasipo kupata joto hajapata nafuu. Yumo hatarini zaidi.

Tabaka ya pili ni ya kuhifadhi joto. Sweta ya poliesta yenye manyoya mafupi, au ya sufu, hufaa wakati wa kutembea. Kwa kambini na kwa usiku wa kilele, ongeza jaketi nene lililojazwa manyoya ya bata au nyuzi za poliesta, lile lenye mishono ya mistari kama godoro. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto zaidi, ila yakilowa hulala na kupoteza nguvu. Upande wetu wenye mvua nyingi, poliesta ni chaguo la busara zaidi kwa mwenye jaketi moja tu.

Tabaka ya tatu ni ya kuzuia mvua na upepo: koti lenye kofia na suruali ya kuvaa juu ya nyingine. Anayetaka kuielewa tabaka hii na awatazame wachuma chai wa Runyenjes, Manyatta au Imenti wakati wa asubuhi. Wao huvaa sweta, kisha aproni ya nailoni, kisha gambuti, na umande hauwapati. Walakini, nailoni isiyopitisha hewa ina dosari moja: anayepanda mlima mkali ndani yake hutoka jasho hadi akalowa kutoka ndani. Ndiyo sababu makoti bora ya mlimani hutengenezwa kwa kitambaa kinachozuia maji ya nje na kuruhusu mvuke wa jasho kutoka. Asiye na koti la aina hiyo atumie la kawaida, lakini alifungue kifuani anapopanda, apunguze nguo za ndani, na aende polepole asitoke jasho. Kanuni ya waongozaji ni kwamba ukianza safari asubuhi uwe unahisi ubaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto la kutosha, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa.

MIGUU, MIKONO NA KICHWA

Viatu viwe buti zenye soli ya meno na zinazoshika kifundo cha mguu. La muhimu zaidi ni kwamba ziwe zimevaliwa kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Buti mpya ni adui. Ziwe na nafasi ya kutosha mbele, kwa kuwa wakati wa kushuka vidole husukumwa kwenye ncha na kucha huumia. Chukua soksi nene za sufu au poliesta jozi tatu au nne, na jozi moja kati ya hizo isiguswe na matope kamwe. Hiyo ni ya kulalia. Gambuti hufaa katika matope ya msituni, lakini hazishiki vizuri juu ya mawe, na usiku wa kilele baridi hupenya ndani yake. Ndara za kuvaa kambini, pamoja na soksi, huipumzisha miguu.

Mikononi vaa glavu jozi mbili: nyembamba ndani, nene zisizopenya maji nje. Kichwani chukua vitu viwili, yaani boshori la sufu la kufunika masikio, na kofia yenye ukingo wa kukinga jua. Miwani ya jua inayozuia miale hatari si pambo. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inayochuja miale ya jua inavyopungua, na mwangaza ukiakisiwa na theluji au mawe huumiza macho vibaya. Mafuta ya kukinga ngozi na ya midomo yatumiwe na kila mtu, mweusi kwa mweupe. Dhana kwamba ngozi nyeusi haiungui imewarudisha wengi nyumbani na pua zilizochubuka.

MALAZI, MWANGA NA MAJI

Mfuko wa kulalia uwe wa kustahimili walau nyuzi 5 hadi 10 chini ya sufuri. Chini yake tandika godoro jembamba la sponji, kwa kuwa ardhi hunyonya joto kuliko hewa, na manyoya yaliyolaliwa na kubanwa hayanasi hewa tena. Ukikosa mfuko mzito, ingiza mifuko miwili myembamba mmoja ndani ya mwingine. Hapa pia ile kanuni ya tabaka hutumika.

Safari ya kilele huanza usiku, yapata saa nane au tisa, ili mtu afike alfajiri wakati anga ingali safi. Kwa hiyo tochi ya kufunga kichwani ni ya lazima, maana mikono inahitajika kwa fimbo na kwa kujishika. Betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Lala nazo ndani ya mfuko, pamoja na simu yako ya mkono. Fimbo moja au mbili hupunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka.

Maji yabebwe katika chupa ngumu za kutumika tena, lita mbili au tatu kwa siku. Hili si suala la hiari. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji za dukani, zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za Kenya; na mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchini kote tangu Agosti 2017. Maji ya vijito yachemshwe au yatiwe dawa. Usiku wa kilele, igeuze chupa kichwa chini mkobani, kwa sababu maji huanza kuganda juu. Kizibo kilicho chini hakitaziba kwa barafu.

KUIPANGA SHANTA

Anayebebewa mzigo mkubwa na mpagazi bado atabeba shanta yake ndogo ya mchana. Ndani yake viwemo vile ambavyo vikikosekana kwa saa mbili huhatarisha maisha: koti la mvua, sweta, glavu, boshori, maji, chakula kidogo, tochi na dawa zake. Mtu asiviweke vitu hivi katika mzigo wa mpagazi. Mpagazi huenda kwa mwendo wake, na mvua haitawangojea mkutane.

Katika shanta kubwa, mfuko wa kulalia hukaa chini kabisa, vitu vizito hukaa karibu na mgongo usawa wa mabega, na vyepesi hukaa nje. Koti la mvua huwa la juu, ama katika mfuko wa pembeni. Kifuniko cha mvua cha shanta husaidia, lakini maji hupenya mgongoni. Kwa hiyo nguo kavu zitiwe ndani ya mfuko mzito usiopenya maji, ule unaofungwa kwa kukunjwa mdomo. Seti moja ya nguo, yaani fulana, suruali ya ndani na soksi, huitwa nguo za kulala na haivaliwi njiani hata mvua ikinyesha namna gani. Asubuhi mtu hurudia zile zilizolowa jana. Ni adhabu ya dakika tano, lakini ndiyo bima ya usiku unaofuata.

Yapo pia ya kuacha. Wanafunzi wengi hubeba vitabu, vyungu vizito, nguo za kubadilisha kila siku na vyakula vya makopo ambavyo uzani wake ni mabati zaidi ya chakula. Kipime kila kitu kwa swali moja: kitanitia joto, kitanikausha, kitanilisha au kitaniokoa? Kisichojibu hata moja, kiache nyumbani.

VIFAA VYAPATIKANA WAPI?

Sasa tumjibu yule anayesema kwamba mlima ni wa wenye fedha. Sweta za poliesta, majaketi yaliyojazwa, fulana za michezo na makoti ya mvua yanapatikana kwa wauza mitumba wa Gakoromone mjini Meru, katika soko la Embu, na kwa wingi zaidi Gikomba, Nairobi. Nguo hizi zilishonwa kwa ajili ya nchi za theluji, na kwa mnunuzi wa kawaida wa hapa huwa nzito kupita haja.

La msingi ni kujua kuchagua. Kisome kibandiko cha ndani, kwa maana humo imeandikwa nguo imetengenezwa kwa nini. Kibandiko kikiwa kimekatwa, lowesha pembe ya nguo, ikamue, kisha uipepete: poliesta huachia maji upesi, pamba hubaki na ubichi. Koti la mvua lipindue ndani nje. Likiwa na tepe iliyobandikwa juu ya mishono, lilitengenezwa kuzuia mvua. Tepe ikiwa inabanduka, limekwisha kuchoka. Mwagia maji begani uone yanateleza au yananywewa. Jaketi lililojazwa, lishike dhidi ya mwanga: sehemu zilizo wazi ndizo baridi itakamopitia. Mifuko ya kulalia, fimbo na buti, mwanafunzi anaweza kuvikodi kutoka kwa waongozaji na wenye vifaa katika miji iliyo karibu na malango ya mlima badala ya kuvinunua.

Historia nayo inathibitisha kwamba akili hutangulia fedha. Mwaka 1943, Mwitaliano Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya wafungwa wa vita kule Nanyuki kwa nia ya kuupanda mlima huu, kisha warudi kizuizini. Hawakuwa na duka la vifaa. Nyundo waliziunda upya zikawa shoka za barafu, kamba za katani za vitanda vyao zikawa kamba za kukwea, na picha ya mlima katika karatasi ya kopo la nyama ikawa mojawapo ya ramani zao. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana na kusimika bendera yao. Walirejea kambini baada ya siku 18, nao wakahukumiwa kufungiwa siku 28. Simtaji Benuzzi ili aigwe katika kila jambo. Walikaribia kufa njaa. Namtaja kwa sababu alijua kila kifaa kina kazi gani, na aliyejua kazi ya kitu huweza kukitafutia mbadala.

MPAGAZI NAYE AVIKWE

Tumerudi kwenye methali yetu. Mwaka 1899, Halford Mackinder alipoondoka Nairobi kwenda kuupanda mlima huu, msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai 2 wa kuongoza njia. Mwezi Septemba mwaka huo, Mackinder alifika Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Majina ya hao watatu yamo katika kila kitabu cha mlima. Majina ya waliobeba mahema na vyakula hayatajwi.

Hali haijabadilika kama tunavyopenda kuamini. Usiku ule mwenzetu wa jinzi alipookolewa, niligundua jambo jingine. Mmoja wa wapagazi wetu, kijana wa rika letu kutoka kijiji kilicho chini ya msitu, alilala juu ya gunia na blanketi moja, na asubuhi alipanda akiwa amevaa viatu vya raba vilivyopasuka. Mgongoni mwake palikuwa na mifuko yetu ya kulalia. Sisi tulikuwa tumeshinda wiki nzima tukijadili majaketi yetu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yeye atavaa nini. Kwetu mzigo wake ulikuwa usufi.

Kwa hiyo orodha ya kufungasha haijakamilika mpaka ijibu maswali haya. Je, mpagazi ana koti la mvua, buti, glavu na boshori? Ana mahali pakavu pa kulala na mfuko wa kulalia? Mzigo wake umepimwa? Kule Kilimanjaro kikomo kilichowekwa ni kilo 20 kwa mpagazi, na mjini Moshi mradi wa Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanza mwaka 2003, huwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo. Hilo si jambo kubwa mno kuigwa. Anayepanga safari na ayaulize maswali hayo kwa wenye kuajiri wapagazi kabla ya kulipa, kisha ajionee mwenyewe langoni.

HEWA HAIFUNGASHWI

Pana kitu kimoja ambacho hakuna shanta inayoweza kukibeba. Kileleni Lenana kanieneo ya hewa imepungua hadi kukaribia nusu ya ile ya pwani, na mwili unahitaji siku kadhaa ili kuzoea. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo. Kikohozi chenye mapovu, kuhema hata ukiwa umekaa, kupepesuka na kuchanganyikiwa ni dalili kwamba maji yanajaa mapafuni au ubongo unavimba. Hapo dawa kuu ni kushuka mara moja, hata ikiwa ni usiku. Ukivuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 300 hadi 500 kwa siku katika kimo cha kulala, au pumzika siku ya ziada. Kwa hiyo kifaa cha mwisho cha kufungasha ni muda. Haraka haraka haina baraka, na hapa maneno hayo ni tiba.

HITIMISHO

Katika makala haya tumeona kwamba mlima hauwashindi watu kwa kimo pekee, bali kwa maji yanayokaa kwenye ngozi, kwa upepo na kwa haraka. Tumeona kwamba tabaka tatu zilizochaguliwa kwa akili, jozi moja ya soksi kavu na mfuko usiopenya maji vina thamani kuliko jaketi moja la kifahari, na kwamba vyote hivyo vimo katika masoko tunayopita kila wiki.

Ninatoa pendekezo kwa chama chetu. Tuanzishe sanduku la mavazi ya mlima. Kila atakayepanda na kurudi aache kitu kimoja: sweta, glavu, koti la mvua. Vitu hivyo waazimwe wanafunzi wasio navyo, na kabla yao waazimwe wapagazi watakaotubebea mizigo. Hapo tutakuwa tumeifahamu methali ya wahenga kwa mikono yetu, kwa kuwa njia ya kweli ya kuujua uzito wa mzigo wa mwenzio ni kuushika upande wa pili.